Zoezi la mezani, la kushtukiza au la uwanjani: kituo chako cha mpakani kichague lipi?

Tarehe 11 Juni 2019, Namanga, kituo cha mpakani kati ya Kenya na Tanzania, ilianza kuugua ugonjwa wa kuigiza. Kwa siku nne maofisa wa Kenya na Tanzania, chini ya uratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, walikimbizana na mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa ambao haukuwapo. Siku hiyohiyo, mbali upande wa magharibi, Uganda ilithibitisha Ebola ya kweli kwa mtoto wa miaka mitano aliyevuka na familia yake kutoka Kongo na kufikishwa hospitali wilayani Kasese. Zoezi na tukio vikakutana kwenye kalenda bila kupangana.

Huwa naikumbuka sadfa hiyo kila ninapoulizwa na mtu aliyekabidhiwa faili la utayari wa dharura kituoni: mwaka huu tufanye zoezi gani? Mara nyingi faili hilo humwangukia mwenye kazi nyingine, ofisa uhamiaji, ofisa afya wa mpakani, au mtu wa forodha aliyewahi kuhudhuria semina moja Arusha. Ana mpango wa dharura ndani ya kabati, fungu dogo la fedha, na mkuu anayetaka kusoma kwenye taarifa ya robo mwaka kwamba "zoezi limefanyika". Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinakitaka kituo kilichoteuliwa kiwe na mpango wa dharura, mratibu anayejulikana, na watu wa kuwasiliana nao katika kila idara. Aina ya zoezi umeachiwa wewe.

Wamarekani, katika mwongozo wao wa kitaifa, wanahesabu aina saba. Kwa kituo ambacho zamu ya usiku inahesabika kwa vidole, tatu zinatosha. Nazilinganisha kwa kuuliza jambo moja: kila zoezi linaweza kukuambia nini, na nini haliwezi kamwe kukuambia?

Mezani: hapa ndipo mamlaka yanapogombana

Zoezi la mezani ni rahisi kulieleza. Watu kumi na watano hadi ishirini wanakaa chumba kimoja, mwezeshaji anasoma kisa kipande kwa kipande, na kila idara inasema ingefanya nini. Nusu siku inatosha. Gharama ni chai, maandazi, karatasi, na nauli za waliotoka wilayani. Hakuna gari linalowashwa wala msafiri anayesimamishwa.

Kwa sababu ya urahisi huo watu hulidharau, hulichukulia kama semina yenye jina jingine. Ni kosa, hasa kwenye kituo cha huduma kwa pamoja.

Namanga, iliyozinduliwa na marais wa nchi mbili Desemba 2018, inafanya kazi hivi: anayetoka Tanzania kwenda Kenya anapita bila kusimama upande wa Tanzania, anahudumiwa na nchi zote mbili kwenye jengo lililo upande wa Kenya. Anayerudi ni kinyume chake. Ofisa wa Tanzania anakaa kwenye ardhi ya Kenya, akitekeleza sheria za Tanzania, hatua chache kutoka dawati la mwenzake. Siku ya kawaida mpango huu ni neema. Sasa msafiri Mtanzania anaanguka kwenye foleni, akitokwa damu puani, kabla hajagongewa muhuri wa kutoka. Ni mgonjwa wa nani? Anapelekwa Kajiado au anarudishwa Longido? Gari la wagonjwa la nani linamchukua, na je, linaruhusiwa kuvuka?

Upande wa Kenya swali linazidi kunoga. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti huduma za afya, na magari ya wagonjwa yametajwa humo waziwazi. Uhamiaji umebaki kwa serikali kuu. Kwa hiyo mtu mmoja aliyelala sakafuni anawaunganisha ofisa wa serikali kuu ya Kenya, dereva wa kaunti, na ofisa afya wa Tanzania. Upande wetu wa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imepanga kamati kutoka taifa hadi kijijini, lakini kituo cha mpakani hakina ngazi yake. Mfawidhi wa kituo lazima ajue anampigia nani wilayani, na huyo wa wilayani anampigia nani ng'ambo. Mambo haya huyajui kwa kukimbiza machela. Unayajua kwa kuwaketisha wahusika meza moja na kungoja mmoja aseme, "Hapana, hiyo ni kazi yenu."

Mei 2020 ilitufundisha kwa bei kubwa. Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria, ikaruhusu mizigo kwa sharti la madereva kupimwa korona. Ukazuka mvutano wa majibu: vipimo vya upande huu vilisema hivi, vya upande ule vikasema vingine, na malori yakasimama. Mawaziri walilazimika kukutana Namanga. Kiini cha mgogoro kilikuwa swali la mezani kabisa, cheti cha maabara ya nchi gani kinakubalika kwa nchi nyingine. Kisa cha kurasa mbili, mchana mmoja wa mwaka 2019, kingeweza kuliibua.

Udhaifu wa meza ni kwamba mezani kila gari lina mafuta. Kila simu inapokelewa. Mtu anasema "tutawasafirisha kwa meli", anaandikiwa alama nzuri, mnahamia ukurasa unaofuata. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji cha mpakani ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na njia ya kuwapeleka Kigoma ilikuwa maji. Meli ilikuwapo, MV Liemba, yenye uwezo wa abiria 600 hivi. Lakini Liemba haikuweza kugusa ufukwe ule, ikabidi itie nanga mbali na watu wapelekwe kwa mitumbwi kidogo kidogo, wakiwamo wazee na watoto, huku kipindupindu kikiwa kimeshaingia na kuua zaidi ya watu 30. Sentensi "tutawasafirisha kwa meli" ni kweli tupu. Saa zinazoliwa na mitumbwi hazimo ndani yake.

Kushtukiza: zoezi dogo lisilo na picha

Hili ni zoezi la jambo moja tu. Unapiga namba ya dharura saa nane usiku uone nani anapokea. Unaomba chumba cha kutenga wagonjwa kifunguliwe sasa hivi, unahesabu dakika hadi ufunguo upatikane. Unamwambia ofisa avae mavazi kamili ya kujikinga na kuyavua, mwenzake akimtazama, kwa sababu hatari kubwa ya kujiambukiza iko wakati wa kuvua. Unaliza king'ora cha moto, unatazama kama watu wa ukumbini wanajua mlango wa nyuma uko wapi na kama umefungwa kwa kufuli.

Kituo kimoja nilichofanya nacho kazi, ambacho sitakitaja, kilikuwa na orodha ya mawasiliano iliyobandikwa vizuri ukutani, na muhuri juu. Tulipiga namba zote usiku mmoja. Mmoja alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine tangu mwaka uliotangulia, mwingine alikuwa amestaafu na akatukaribisha kwa upole kwake kijijini. Namba ya hospitali ilikuwa ya mezani, ipo kwenye ofisi inayofungwa saa tisa na nusu alasiri. Mpango wa kurasa arobaini ulikuwa umekufa, na kilichouua ni karatasi moja.

Kwa maoni yangu hili ndilo zoezi linaloonewa kuliko yote. Halina bajeti ya kujivunia, halina mgeni rasmi, halitoi fulana. Lakini watumishi wa serikali wanahamishwa, na kila uhamisho unatoboa tundu kwenye mpango wako. Zoezi linalorudiwa kila miezi miwili au mitatu ndilo pekee linaloweza kwenda sambamba na barua za uhamisho.

Tena halibagui janga. Tumezoea kusema utayari mpakani tukimaanisha Ebola, ilhali kwenye foleni ya malori kuna matangi ya petroli yamebanana bamba kwa bamba. Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka na kuua zaidi ya 100. Hebu shtukiza zamu yako: tangi linavuja katikati ya foleni, nani anazuia bodaboda na mama lishe wasisogee, na malori ya nyuma yanarudi vipi nyuma?

Tahadhari mbili. Ya kwanza ni silaha. Mpakani kuna askari wenye bunduki za moto, kwa hiyo usishtukize kisa chochote cha uvamizi, vurugu au mtu anayekimbia bila kamanda wao kujua, na kila ujumbe utangulizwe na maneno "hili ni zoezi". Ya pili ni adhabu. Siku utakapomwandikia barua ya kujieleza ofisa ambaye simu yake haikupokelewa, ndiyo siku zoezi linageuka mtego, na kuanzia hapo watu watakuandalia majibu mazuri badala ya majibu ya kweli.

Kisichoonekana kwenye zoezi hili ni ng'ambo. Unapima mkono wako mwenyewe, haupimi mikono miwili ikishikana.

Uwanjani: linapima muda na umbali, linakula kila kitu

Turudi Namanga. Waandaaji hawakuchagua homa ya Bonde la Ufa kwa bahati. Ni ugonjwa wa mifugo unaompata binadamu kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa au kwa kuumwa na mbu, na uliwahi kuzipiga Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007. Namanga iko katikati ya nchi ya Wamasai, ng'ombe wanavuka, minada iko pande zote. Kwa kisa hicho daktari wa mifugo anaingizwa ukumbini kwa nguvu, naye ndiye mara nyingi anayesahaulika kwenye orodha ya ofisa afya. Ukitaka kujifunza kutunga kisa, jifunze hapo: chagua janga linaloifaa ardhi yako, usiazime la gazetini.

Zoezi la uwanjani linakupa kile ambacho meza haiwezi: saa. Mgonjwa wa kuigiza anabebwa kweli, gari linawashwa kweli, na mtu mwenye saa anaandika. Hapo ndipo unagundua kwamba machela haipiti kwenye mlango wa chumba cha kutenga, kwamba njia ya gari la wagonjwa ndiyo njia hiyohiyo ya malori, kwamba redio za polisi na za afya hazisikilizani. Unagundua pia mambo mema. Maofisa wa nchi mbili waliobebana machela siku moja wanapigiana simu mwaka mzima baadaye bila barua ya utangulizi. Hilo peke yake lina thamani ambayo sijui namna ya kuiweka kwenye bajeti.

Gharama yake sasa. Posho, mafuta, wasimamizi na watathmini, miezi ya maandalizi, barua za kibali katika wizara zaidi ya moja kwa nchi mbili. Mavazi ya kujikinga yanavaliwa mara moja tu, kwa hiyo zoezi likitumia ya akiba limekula akiba. Tumia yaliyopitwa na muda, yaandikwe kwa wino mkubwa "MAZOEZI TU", yasije yakarudi stoo. Gari la wagonjwa linaloigiza halipo kwa mama anayejifungua. Na mpaka haufungwi ili mfanye mazoezi, wasafiri wa kweli wanaendelea kufika, wengine wakidhani wanachokiona ni kweli. Nusu saa tu ya uvumi wa "Ebola imeingia" sokoni ni hasara ambayo hakuna aliyeiwekea fungu.

Halafu kuna ugonjwa wa maonyesho. Mgeni rasmi akishathibitisha kuja, zoezi linaanza kufanyiwa mazoezi. Wagonjwa wanajua watapona saa ngapi, dereva amekaa kwenye usukani tangu asubuhi, na hakuna kinachoshindikana. Zoezi la uwanjani ambalo halikushindwa popote limekupa picha za kuweka kwenye taarifa, na basi.

Lina mpaka wake pia, tena mkubwa. Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Nani atakuigizia hilo? Majanga makubwa kabisa hayaingii uwanjani, yanaenea mezani tu. Wengi hudhani ngazi ni mezani kwa wadogo na uwanjani kwa wakubwa. Kwa wimbi la watu ni kinyume.

Kati ya meza na uwanja kuna jamaa mwingine, zoezi la chumba cha uratibu, ambapo simu zinalia na taarifa zinaandikwa kweli lakini hakuna anayetoka nje. Ni zuri kwa makao makuu na kwa mkoa. Kwa kituo kisicho na chumba cha uratibu, lipite.

Kisa kimoja kwenye mizani tatu

Tujaribu Mutukula, kituo cha mpakani kati ya Tanzania na Uganda. Machi 2023 Tanzania ilithibitisha Marburg, homa ya virusi iliyo jamaa ya Ebola, mkoani Kagera, wilaya ya Bukoba: wagonjwa tisa, sita wakafa, watumishi wa afya wakiwa miongoni mwa walioambukizwa, na mlipuko ukatangazwa kumalizika Juni 2. Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Tuseme wewe ni mratibu Mutukula wakati huo, na kwenye basi la kwenda Kampala yupo kijana aliyehudhuria msiba wa mmoja wa waliofariki. Hana homa. Virusi vya Marburg hukaa mwilini kati ya siku 2 na 21 kabla ya dalili, kwa hiyo kipimajoto chako kitamwambia apite.

Mezani, kisa hiki kinauliza: una mamlaka ya kumzuia mtu asiye na dalili? Orodha ya waliogusana na wagonjwa iliyopo Bukoba inafikaje kwenye dawati la Uhamiaji, na je, unaruhusiwa kumpa mwenzako Mganda majina hayo? Abiria wengine wa basi ni wa nani?

Kwa kushtukiza, kinauliza kitu kidogo zaidi: orodha ya leo imeshafika, au iliyopo dawatini ni ya juzi? Unatuma jina moja la kubuni saa kumi na moja alfajiri, unaona kama zamu itakamata jina hilo saa mbili asubuhi.

Uwanjani, kinauliza: basi zima linaegeshwa wapi? Abiria wanakaa kivulini saa ngapi, wanakunywa nini, wanajisaidia wapi, nani anawaeleza na kwa lugha gani, na dereva anayetaka kuondoka anazuiwa na nani?

Maswali ni ya kijana mmoja, ila hakuna zoezi moja linaloyajibu yote. Na hakuna lolote kati ya hayo linalomgusa akiamua kushuka kabla ya kituo na kuvuka kwa bodaboda njia ya panya. Huyo anaonwa na mwenyekiti wa kitongoji na mwendesha bodaboda, watu ambao sijawaona wakialikwa kwenye zoezi la aina yoyote zaidi ya mara mbili. Waalike mezani. Wanazungumza kidogo, na wanachosema hakimo kwenye mpango.

Basi uchague lipi?

Kituo kikiwa kipya, au kimebadilishwa kuwa cha huduma kwa pamoja, au mpango wenu uliandikwa na mshauri aliyekaa hotelini, anzeni mezani, na msikubali kukaa bila wa ng'ambo. Meza ya upande mmoja ni nusu meza.

Kama mpango upo, umeshajadiliwa, lakini nusu ya waliokuwapo wamehamishwa, meza nyingine haitakusaidia kitu. Shtukiza, kidogo kidogo, mwaka mzima. Zamu ya usiku kwanza, sikukuu ya pili, siku ya mtandao kukatika ya tatu.

Uwanjani nenda ukiwa na swali ambalo haya mawili yameshindwa kulijibu na unaweza kuliandika kwa sentensi moja: inachukua dakika ngapi kumtoa mgonjwa ukumbini hadi kitandani hospitalini bila kupita kwenye foleni? Kama huwezi kuiandika sentensi hiyo, bado hujafika. Na usilifanye jirani akiwa ameshatangaza mlipuko. Wakati huo watu wako na magari yako yana kazi ya kweli.

Kwa kituo cha kawaida chenye fungu la kawaida, chaguo langu ni meza moja ya nusu siku na majaribio matano au sita ya kushtukiza, na uwanjani mara moja kila miaka miwili au mitatu, kwa pamoja na jirani. Najua mfadhili hapendi hesabu hiyo. Mfadhili anapenda uwanjani, na si vibaya kumpokea. Akija, mwombe mambo mawili kabla ya kusaini: kwamba fedha za meza zitangulie, na kwamba tarehe iangukie siku ya mnada, ng'ombe wakiwa barabarani na kituo kimejaa.